Roketi ya Zambarau Itapata Joto Kiasi Gani?

Mtoto akikuletea karatasi aliyopaka roketi zambarau tupu, kuanzia puani hadi mkiani, usimwambie amekosea, wala usimpigie alama ya vema ya haraka ili aondoke. Muulize swali moja: roketi yako hii ikishinda juani tangu asubuhi, ndani kutakuwaje? Mtoto wa Mpanda, magharibi mwa Tanzania, hakosi jibu. Jua la Oktoba, kabla mvua hazijaanza, analijua kwa mgongo wake mwenyewe, na nyumba ya bati saa nane mchana anaijua pia. Akishaanza kujibu, somo la sayansi limeanza, na penseli bado iko mkononi.

Karatasi za kupaka rangi zenye picha za vyombo vya anga si adimu tena. NASA, shirika la anga la Marekani, hutoa za kwake bure mtandaoni, na mwenye simu akipata steshenari yenye printa anaondoka na rundo kwa gharama ya kuchapa tu. Tatizo ni namna tunavyozitumia. Nyumbani huwa dawa ya kelele: mtoto ashike penseli, mkubwa apate nafasi ya kupika. Darasani huwa zoezi la mkono: asivuke mstari. Sikatai, yote mawili yana faida, hasa kwa mtoto wa awali anayejifunza kushika kalamu. Lakini kuishia hapo ni hasara. Ua ukilipaka rangi yoyote linabaki ua. Chombo cha anga hakipakwi rangi ili kipendeze. Ukiondoa bendera na maandishi ya ubavuni, karibu kila rangi unayoiona imewekwa, au imeachwa, kwa sababu ambayo mtoto wa miaka tisa ataielewa akielezwa vizuri.

Nianze na rangi iliyoachwa. Katika picha za Space Shuttle, vile vyombo vya Marekani vilivyokuwa vikirushwa kama roketi na kutua kama ndege, kuna tangi kubwa la rangi ya chungwa lililobeba mafuta. Ndani yake mlikuwa na haidrojeni ya kimiminika, baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri, na oksijeni ya kimiminika juu yake. Nje lilifunikwa kwa povu gumu ili baridi hiyo isipotee na barafu isigande ukutani. Katika safari mbili za kwanza, Aprili na Novemba 1981, tangi lilikuwa jeupe, kwa sababu povu lilipakwa rangi ya kulikinga na jua wakati chombo kikisubiri kurushwa. Wahandisi wakabaini kwamba povu linahimili hata bila rangi. Kuanzia safari ya tatu, Machi 1982, wakaacha kulipaka, na uzito ukapungua kwa kilo 270 hivi. Kwa mkulima wa huku kwetu, wa Nsimbo au Mlele, hizo ni karibu gunia tatu za mahindi, zilizokuwa zikipandishwa angani bure. Mwambie mtoto kwamba rangi ina uzito, kisha mpe muda. Wengi hawajawahi kulifikiria hilo, na wakubwa ni hivyohivyo.

Hata hiyo rangi ya chungwa haikuwa moja. Povu likiwa jipya huwa na manjano ya kupauka, na kadiri linavyopigwa na jua linakolea, likaelekea kwenye kahawia. Basi mtoto mmoja akilipaka manjano na jirani yake kahawia, wote wamepata: wamechora matangi yenye umri tofauti. Kwa darasa la sita na la saba ninaongeza sehemu ya huzuni. Januari 2003 kipande cha povu kilibanduka wakati wa kuruka na kupiga bawa la kushoto la Columbia, mojawapo ya vyombo hivyo vya Space Shuttle. Tarehe 1 Februari, wakati wa kurudi, chombo kilisambaratika na wanaanga wote saba wakafa. Wapo wanaoona habari hiyo ni nzito mno kwa watoto. Mimi naona mtoto wa miaka kumi na miwili, anayesikia habari za ajali za mabasi kila mwezi, anastahili kuambiwa kwamba wahandisi nao hukosea, na kwamba kipande chepesi kikienda kasi kinaua.

Tuje kwenye nyeupe, nyeusi na ile inayong'aa. Hapa maneno hayatoshi. Tafuta makopo matatu ya bati yanayolingana, ya maziwa au ya nyanya. La kwanza lipake chokaa kwa nje. La pili lipake masizi ya sufuria yaliyokorogwa na uji mwepesi ili yashike. La tatu lisugue kwa mchanga mpaka ling'ae, uliache hivyo. Yakikauka, tia maji ya kiasi kilekile, funika kwa vipande vya boksi, uyapange juani kuanzia saa nne. Ikifika saa saba waite watoto watie vidole. Kipimajoto si lazima: tofauti ya lile la masizi na lile la chokaa inajisema yenyewe.

Saa saba sikuitaja ovyo. Saa zetu zimepangwa kwa mstari unaopita mbali mashariki, baharini, na Mpanda iko ndani kabisa magharibi, karibu na Ziwa Tanganyika. Ndiyo maana jua hapa hufika kileleni karibu na saa saba, si saa sita kamili, na huzama zaidi ya nusu saa baada ya kuzama Dar es Salaam. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 9 au 10 Oktoba, linapita utosini hasa, na kivuli cha mlingoti wa bendera kinaishia miguuni pake. Ukiweza, fanya jaribio siku hizo.

Jaribio lina nusu ya pili, ambayo walimu wengi huiruka, nayo ndiyo tamu. Mwaga maji yale, ujaze makopo yote matatu maji ya moto kutoka birika moja, safari hii kivulini. Baada ya muda pima tena kwa kidole, kwa uangalifu. Lile la masizi limepoa haraka. Lile la chokaa nalo limepoa, karibu sawa na la masizi. Lile linalong'aa bado ni la moto. Watoto watabisha, maana walidhani nyeusi ni rangi ya joto na nyeupe ni rangi ya baridi, basi. Ukweli ni kwamba kuna mambo mawili: kupokea joto la jua, na kutoa joto lako mwenyewe. Masizi hupokea sana na kutoa sana. Chokaa hupokea kidogo na kutoa sana. Bati linalong'aa ni bahili, haligawi upesi.

Ukishakuwa na makopo hayo mezani, karibu kila chombo cha anga kinasomeka. Huko juu hakuna hewa wala upepo wa kupooza; joto linakuja kwa mionzi na kuondoka kwa mionzi tu. Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko umbali wa kilomita 400 hivi kutoka ardhini, chini ya nusu ya umbali wa Mpanda na Dar es Salaam ukipimwa kwa mstari ulionyooka. Sehemu inayopigwa na jua hupita nyuzi 100, na iliyo kivulini hushuka chini ya 100 chini ya sifuri, na kwa kuwa kituo huizunguka dunia kwa dakika 90, usiku na mchana hupokezana mara kumi na sita kwa siku. Katika picha yake mtoto ataona mabawa mengi na kuyapaka yote bluu. Msimamishe. Mabawa marefu kabisa ni paneli za sola, na paneli kama hizo anaziona juu ya mabati ya majirani: nyeusi yenye ubluu, maana kazi yake ni kumeza mwanga. Yale mengine, yaliyokunjwa kama akodioni, ni ya kupoozea, nayo ni meupe: hayapokei sana jua, lakini yanatoa joto la mitambo. Ni kopo la chokaa. Tumbo la Space Shuttle lilikuwa na vigae vyeusi, kwa sababu kikirudi duniani hewa iliyobanwa mbele yake ilikiunguza kwa zaidi ya nyuzi 1,200, na nyeusi inaurudisha moto ule nje upesi. Ni kopo la masizi. Na chombo kilichotua mwezini tarehe 20 Julai 1969 kilivikwa chini utando unaometa kama dhahabu. Haikuwa dhahabu, ilikuwa plastiki ya njano iitwayo Kapton yenye alumini nyuma yake, ya kuzuia joto lisiingie wala lisitoke ovyo. Ni kopo lililosuguliwa.

Dhahabu ya kweli ipo kwenye darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021. Vioo vyake 18 vimepakwa dhahabu nyembamba mno, gramu 48 hivi kwa vyote, kwa sababu dhahabu hurudisha vizuri mionzi ya joto ambayo darubini hiyo inaitafuta. Gramu 48 tu. Mwambie hivyo mtoto wa Mpanda, mahali ambapo watu wanachimba dhahabu na wanajua gramu ni nini.

Kutokana na hayo nina sharti moja ninalolisisitiza kuliko yote. Kabla penseli haijagusa chombo, mtoto aweke jua. Achague pembe ya karatasi, achore duara, kisha aamue upande upi wa chombo unaangaliana nalo na upi uko kivulini. Asipoweka jua, rangi zake hazina la kujibu. Na jua lenyewe, kama chombo kiko juu ya hewa, ni jeupe. Tunaliona la njano au jekundu jioni kwa sababu hewa na vumbi huutawanya mwanga wa bluu njiani. Mbingu inayolizunguka ni nyeusi hata mchana, kwa sababu huko hakuna hewa ya kutawanya chochote.

Hapo karatasi nyeupe inakuwa kikwazo. Karatasi nyingi zilizochapwa huacha anga tupu ili kuokoa wino, na kulipaka lote nyeusi kunamaliza penseli ya mtoto kabla hajafika kwenye chombo. Lakini kila darasa lina anga tayari ukutani: ubao. Chora kwa chaki nyeupe na za rangi, na weusi umeupata bure. Kwa darasa la watoto themanini wenye boksi mbili za penseli za rangi, ubao na vipande vya maboksi vilivyopakwa masizi vinafanya kazi kuliko karatasi themanini. Rangi nyingine zipo karibu: udongo mwekundu, mkaa, chokaa, manjano ya jikoni, maji ya rozela. Gawa makundi, kila kundi lipewe sehemu moja ya chombo, na lisiruhusiwe kupaka mpaka limetoa sababu mbele ya wenzake. Darasa litapiga kelele. Hizo ndizo kelele za ofisi ya wahandisi.

Mwezi nao uangaliwe. Picha za kigeni huuchora mwezi mchanga umesimama wima, maana ndivyo unavyoonekana kwa wachoraji wa Ulaya. Kwetu, karibu na Ikweta, mara nyingi unalala chali, pembe mbili zikielekea juu. Mtoto akiuchora ulivyolala, usimsahihishe kwa kufuata kitabu. Mtoe nje jioni uone mwenyewe.

Kuhusu moto wa roketi, kila mtoto hupaka nyekundu na njano. Mara nyingi yuko sahihi. Falcon 9 ya kampuni ya SpaceX na Soyuz ya Urusi huunguza mafuta ya taa yaliyosafishwa sana, na moto wao una njano kwa sababu ileile ya koroboi: chembe za masizi zinazowaka. Haidrojeni ikiungua haina masizi, kwa hiyo moto wa injini kuu za Space Shuttle ulikuwa hafifu, wa kibluu, karibu usionekane. Ule mweupe mkali ulitoka kwenye roketi mbili za pembeni. Mwenye jiko la gesi nyumbani ataelewa bila kuchorewa. Nguo pia zina hadithi, ila fupi: chungwa ya wanaanga wa Space Shuttle ilikuwa ya kupandia na kushukia, ili mtu akianguka baharini aonekane kwa mbali, na hata Yuri Gagarin alivaa chungwa tarehe 12 Aprili 1961. Nyeupe ni ya kutoka nje ya chombo. Sababu yake wataisema wenyewe wakikumbuka makopo.

Kwenye umbo, hata hivyo, karatasi nyingi zinatuangusha. Kila chombo ni mkuki wenye mapezi na dirisha la duara. Ncha ni ya kupasua hewa. Pasipo hewa haina kazi. Setilaiti za Afrika Mashariki ni maboksi. Ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliyoachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 11 Mei 2018, ilikuwa mchemraba wa sentimita 10 kila upande. PearlAfricaSat-1 ya Uganda, iliyoanza kuzunguka Desemba 2022, ilikuwa na kipimo hichohicho. Taifa-1 ya Kenya, iliyorushwa tarehe 15 Aprili 2023, ilikuwa kama michemraba hiyo mitatu iliyopangwa kwa urefu. Maana yake karatasi moja ya manila inatosha kutengeneza setilaiti ya kweli kwa kipimo chake kamili. Mtoto apime miraba sita ya sentimita 10 iliyoungana kama msalaba, aipake ikiwa bado bapa, kisha aikunje. Pande nyingi zitakuwa na bluu iliyokolea ya seli za sola. Aache nafasi ya kamera na ya antena. Akimaliza anashika mkononi kitu chenye ukubwa wa kile ambacho nchi jirani imekipeleka juu, na hiyo ni tofauti kubwa na kupaka mkuki wa katuni.

Habari za anga si ngeni kwenye pwani yetu. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, mojawapo ya vituo vilivyozungumza naye kwa redio kilikuwa Unguja. Kilifungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Kaskazini zaidi, Ngomeni karibu na Malindi, Waitaliano walisimamisha jukwaa baharini liitwalo San Marco, na kuanzia 1967 hadi 1988 roketi za kubeba setilaiti ziliruka kutoka hapo. Walipachagua kwa sababu pako karibu na Ikweta. Dunia inajizungusha kuelekea mashariki, na pale Ikweta kasi yake ni kilomita 1,670 kwa saa, hivyo roketi inapewa msukumo kabla haijawasha injini. Mpanda, nyuzi sita kusini ya Ikweta, haiko nyuma: mtoto aliyeketi kwenye dawati hapo anakwenda mashariki kwa kilomita 1,660 hivi kwa saa. Tunachokosa ni bahari upande wa mashariki ya kudondoshea mabaki.

Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa hilo na kupewa jina la Kiswahili, Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka kwenye nyota. Hapo mtoto mwerevu atauliza: hiyo mionzi ina rangi gani? Haina. Jicho haliioni. Ramani yoyote ya rangi inayotokana nayo, rangi zake zimechaguliwa na mtu aliyeketi mezani.

Swali hilo linatupeleka mwaka 1965, mwaka ambao penseli na chaki za rangi zilifanya kazi rasmi kwenye safari za anga, mara mbili. Mwezi Machi mwanaanga wa Kisovyeti Alexei Leonov alitoka nje ya chombo chake, Voskhod 2, akaelea kwa dakika kumi na mbili hivi, mtu wa kwanza kufanya hivyo. Safari nzima ilijaa misukosuko: vazi lake lilivimba akapata shida kurudi ndani, na mwisho yeye na mwenzake walitua msituni kwenye theluji, mbali na walikotakiwa kutua. Lakini Leonov alikuwa pia mchoraji, na alibeba penseli za rangi zilizofungwa kwa nyuzi ili zisielee. Akiwa juu alichora macheo yanavyoonekana kutoka huko, mikanda ya rangi juu ya ukingo wa dunia. Ndiyo picha ya kwanza iliyochorwa angani. Alipaka alichokiona kwa jicho.

Mwezi Julai mwaka huohuo ikawa kinyume chake. Chombo cha Marekani, Mariner 4, kilipita karibu na sayari ya Mirihi na kupiga picha 22. Zilikuja zikiwa namba tupu, kila nukta ikiwa na namba kati ya 0 na 63 inayosema mwanga ulikuwa mwingi kiasi gani, na picha moja ilichukua saa nane hivi kufika. Wahandisi wa maabara ya JPL kule California hawakuwa na subira ya kungoja kompyuta. Walitaka pia kujua kama kinasa cha chombo kimefanya kazi. Wakachapa namba kwenye vikanda vya karatasi, wakavibandika ukutani sambamba, wakanunua chaki za rangi kwenye duka la vifaa vya sanaa, wakaanza kupaka: namba hizi kahawia, hizi nyekundu, hizi njano. Picha ya kwanza ya Mirihi kutoka karibu ilionekana ukutani hapo, imepakwa kwa mkono kama zoezi la watoto, na imehifadhiwa maabara hapo hadi leo.

Kazi ya aina hiyo inaweza kufanyika Mpanda kesho kwa daftari la hesabu lenye vimraba, na si lazima iwe Mirihi. Setilaiti za Landsat zimekuwa zikiitazama dunia tangu 1972. Mbili kati ya hizo, ya nane na ya tisa, ziko umbali wa kilomita 705, na kwa kupokezana hupita juu ya eneo lilelile kila baada ya siku nane. Zikiwa juu ya nchi yetu huenda kwa kasi ambayo njia ya reli ya Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210, ingemalizika kwa nusu dakika. Abiria wa treni ile wanajua muda wanaotumia wao. Kila nukta ya picha zake ni mraba wa mita 30 kwa 30. Kiwanja cha mpira kinaingia kwenye nukta nane hivi. Kiboko haonekani.

Landsat hupima pia mwanga usioonekana kwa jicho, ule ulio ng'ambo kidogo ya nyekundu, ambao majani mabichi huurudisha kwa wingi. Wataalamu wengi huupa rangi nyekundu kwenye ramani zao. Kwa hiyo katika ramani ya namna hiyo msitu wa miombo wakati wa mvua ni mwekundu, maji safi ni meusi, udongo mtupu ni wa kijivu chenye ubluu, na mahali palipoungua moto pana weusi hafifu. Mtoto akiona mbuga ya Katavi nyekundu hivyo atadhani inateketea. Mwache ashangae, kisha mweleze.

Zoezi lenyewe ni hili. Mwalimu aandae ukurasa wa vimraba ishirini kwa ishirini, kila kimraba kikiwa na namba: 0 maji, 1 udongo mtupu, 2 majani makavu, 3 majani mabichi. Achore mbuga ya Katavi kwa namba bila kusema ni wapi: Ziwa Katavi, Ziwa Chada, na mto Katuma ukipita. Ukurasa wa kwanza uwe wa Machi, wakati maji yametanda uwandani. Wa pili uwe wa Septemba, wakati Katuma umebaki madimbwi na matope, na viboko wamebanana humo kwa mamia. Kundi moja lipake la Machi na jingine la Septemba, kila moja lichague rangi zake na kuandika ufunguo pembeni, kisha wabadilishane madaftari. Kundi lisilopewa ufunguo litapotea, na libaki limepotea kwa dakika chache kabla ya kusaidiwa. Wakishazisoma kurasa zote mbili, waulize viboko wako kwenye kimraba kipi mwezi wa tisa. Hakuna namba ya kiboko, na watoto wa Sitalike, kijiji kilicho kando ya mbuga hiyo, wataanza kucheka, maana wao walikwisha kuweka kidole kwenye sifuri tatu za mwisho zilizobaki kando ya mto.